Maswali ya Wasomaji: Kulifufua Gari la Zamani Pwani, Kazi Ipi Itangulie?

Barua tunazojibu safari hii zimetoka Malindi, Mambrui na Amu, na zote zinahusu magari ya zamani ambayo wenyewe hawayategemei kwa riziki bali wanayatunza kwa mapenzi. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa kuwa inauliza jambo linalomkabili kila mwenye gari la namna hiyo: pa kuanzia.

Swali

Assalaam aleykum, Bwana Fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Shela hapa Malindi. Marehemu baba aliniachia Land Rover fupi ya Series III ya mwaka 1976, ya petroli, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisimama chini ya mwembe na kutoka mara chache. Injini inawaka lakini hutoa moshi. Breki hazishiki mpaka uzikanyage mara mbili. Sakafu upande wa dereva imeoza. Na rangi imepauka. Nimesoma miongozo ya Waingereza inayosema kwamba kazi hizi hupangwa kwa ajili ya majira ya kuchipua, yaani Machi hadi Mei, lakini kwetu miezi hiyo ndiyo inayoleta masika. Pensheni yangu hainiruhusu kufanya yote kwa mara moja. Nianze na nini, nimalizie na nini, na je, kuna vifaa vya kisasa vinavyofaa kuongezwa bila kuliondolea gari asili yake? Wanangu wanataka nianze na rangi.
Msomaji, Shela, Malindi

Jibu

Waaleykum salaam, Mwalimu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Nitaanza na hilo la wanao: rangi iwe kazi ya mwisho kabisa. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayolibeba gari, itangulie, breki zifuate, kisha umeme na injini, na baada ya hapo ndipo vije vifaa vya kisasa na urembo.

Sababu yake imo katika jinsi gari lenyewe lilivyoundwa. Bodi ya Land Rover ya Series ni ya mabati ya alumini, na alumini haioti kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaweza kukaa miaka mingi karibu na bahari na bado likaonekana zima kwa mtu anayelitazama akiwa amesimama. Lakini chesisi iliyo chini yake, pamoja na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ni vya chuma cha kawaida. Chesisi hiyo imejengwa kama boksi refu lenye uwazi ndani. Chumvi inayopeperushwa na upepo, mchanga na tope huingia kwa matundu yake, hukaa humo na unyevu wao, na kuila kuanzia ndani kuja nje. Kutu ikishaonekana kwa nje, ujue kuwa ndani ilianza zamani. Tena, popote alumini inapogusana na chuma na maji ya chumvi yakawa katikati, huzuka mkondo mdogo wa umeme, na katika mgusano huo ni alumini inayoliwa: utaona unga mweupe na rangi iliyovimba kwenye ncha za chini za milango na mahali bodi ilipofungwa kwa bolti. Rangi mpya juu ya hali hiyo itavimba kabla ya mwaka kupita, na fedha yake itakuwa imepotea.

Kuhusu majira, umeona sawasawa. Waingereza hungoja miezi ya kuchipua kwa sababu wakati wa baridi barabara zao humwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na wengi wao huyafungia magari haya ndani hadi baridi ipite. Sisi kinachotuzuia ni masika, ambayo hapa Malindi huanza Aprili na kuwa kali zaidi Mei, pamoja na unyevu unaobaki hewani wakati wa kusi. Kwa kuwa barua yako imefika masika yakiwa mlangoni, itumie miezi hiyo kwa kazi zinazofanyika mezani: kukagua na kuandika orodha, kufungua na kusafisha kabureta, kupeleka alteneta na stata kwa fundi umeme, na kuagiza vipuri, maana vile vinavyotoka Uingereza huchukua wiki nyingi kufika na baadhi hukwama njiani. Agosti na Septemba zibaki kwa chesisi na breki. Mvua za vuli zikija Oktoba na Novemba, fanya kazi ya injini na nyaya chini ya paa. Rangi ingoje Januari au Februari, wakati wa kaskazi, hewa inapokuwa kavu.

Ukaguzi wenyewe uufanye wewe, Mwalimu, kabla ya kumwita fundi yeyote. Tafuta nyundo ndogo, bisibisi butu, tochi na daftari. Weka gari kwenye stendi imara juu ya ardhi ngumu. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Anza na mhimili wa nyuma unaoshika ndoano ya kuvutia, kwa kuwa huo ndio huoza mapema zaidi, kisha pima mahali springi zinaposhikamana na chesisi, halafu mikono midogo inayotoka pembeni kubeba ule ukuta wa mbele. Gonga kila shubiri moja. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti iliyofifia, na ukikichoma kwa bisibisi huingia. Hiyo sakafu iliyooza upande wako ni sehemu ya tatizo lilo hilo, na mara nyingi nguzo inayoshika bawaba za mlango nayo huwa imelika kwa chini. Piga picha kila ulichokiona na uandike mahali pake. Orodha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo gereji, ili fundi akutajie bei ya kazi inayojulikana na asije akakubunia nyingine katikati ya njia.

Kama ulichokipata ni matundu machache, kata chuma kilichooza mpaka ufikie kizima, kisha kichomelewe kipande kipya chenye unene ule ule wa chesisi. Usikubali kiraka cha bati jembamba kubandikwa juu ya kutu. Kazi hiyo huonekana safi siku ya kulichukua gari, lakini kutu huendelea chini yake bila mtu kuiona. Kabla ya kuchomelea, toa nyaya za betri, fungua nyaya za alteneta, na ulitoe kabisa tangi la petroli, ambalo katika Land Rover fupi limo chini ya kiti cha mbele. Ukikuta chesisi imelika kila mahali, kuna chesisi mpya zilizochovywa katika zinki zinazotengenezwa Uingereza, na kwa gari la pwani hiyo ndiyo dawa ya kudumu, ingawa gharama yake na ya kuisafirisha ni kubwa na italazimu gari zima livuliwe.

Mara kazi ya chuma ikiisha, zibua matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya chesisi, osha ndani kwa maji baridi mpaka yatoke safi, acha likauke siku kadhaa za jua, kisha nyunyizia ndani nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu. Mafundi wengi watakwambia upake oili chafu ya injini. Mimi siafiki, kwa sababu oili hiyo hulainisha na kuharibu mipira ya springi, hushika vumbi, na huchuruzika kwenye udongo tunaochimbia visima. Wazee wetu wa baharini huvuta chombo pwani kila mwaka, wakakikwangua na kukipaka deheni kabla hakijaanza kuvuja; chesisi ya Malindi nayo yataka utaratibu huo huo wa kila mwaka, baada ya mvua.

Sasa breki. Kanyagio linaloshika kwa mara ya pili si lazima liwe na maana ya kununua vipuri. Magurudumu yote manne ya gari lako yana breki za ngoma, na ngoma hizo hazijirekebishi zenyewe: viatu vya breki vikiisha kidogo, lazima mtu avisogeze kwa ile bolti iliyo nyuma ya kila gurudumu. Fanya hivyo kwanza. Ikiwa kanyagio bado linazama, toa hewa iliyomo kwenye mabomba. Ikiwa linashika kisha linateremka polepole mguu ukiwa umetulia juu yake, basi silinda kuu ndiyo iliyochoka. Hata hivyo, kwa gari lililosimama miaka mingi karibu na bahari, ningekushauri ubadilishe silinda ndogo za magurudumu yote, mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, na mabomba yenyewe ya chuma. Mabomba mapya yawe ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao hauoti kutu na hukunjika kwa urahisi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni nyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea. Maji yaliyomo ndani yake hula silinda, na yakichemka kwenye mteremko kanyagio huwa laini ghafla na breki hazishiki.

Nina ombi moja zito hapa. Viatu vya breki vya zamani aghalabu vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Usimruhusu fundi alipulize vumbi la ngoma kwa mashine ya upepo, jambo ambalo naliona gereji nyingi na huniumiza moyo kila nikiliona, hasa palipo na vijana wanaojifunza kazi. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe katika mfuko na kutupwa.

Injini yako, ikiwa ni ile ya asili ya sentimita za ujazo 2,286, ni injini mvumilivu, na kuwaka kwake baada ya kusimama ni dalili njema. Tazama moshi kabla ya kukubali kufunguliwa injini. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukapungua, shuku valvu, na ukizidi unapopandisha mlima, shuku ringi za pistoni. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na katika kabureta ya Zenith ya gari hili chanzo chake cha kawaida ni uso wa kifuniko uliopinda pamoja na mpira mdogo wa mviringo uliokufa ndani yake. Kusawazisha uso huo juu ya kioo kwa msasa laini na kutia mpira mpya huimaliza kazi. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni maji yanayopita kwenye gasketi. Baada ya hapo pima mgandamizo wa kila silinda. Iliyo dhaifu itiwe kijiko kidogo cha oili kwa tundu la plagi na kupimwa tena: kipimo kikipanda ni ringi, kisipopanda ni valvu. Wakati huo huo rekebisha nafasi za valvu ziwe milimita 0.25 zote nane, na pointi za distributa, yaani vigusano vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, milimita 0.35 hadi 0.40. Nimeona injini zilizohukumiwa kufa zikitulia kwa marekebisho hayo tu.

Jambo jingine la kwetu ni thermostati. Mafundi huitoa na kuitupa kwa hoja kwamba pwani ni joto, lakini kazi ya kifaa hicho ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuiweka hapo. Injini inayokwenda baridi hukusanya unyevu na petroli ndani ya oili na kulika mapema. Gari likichemka, tatizo liko kwenye rejeta iliyoziba, pampu ya maji au mkanda uliolegea. Usitie kamwe maji ya kisima cha Malindi kwenye rejeta, kwa kuwa mengi yana chumvi. Tumia maji ya mvua au yaliyosafishwa, yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, ambayo hapa tunaihitaji kwa ajili ya kutu ingawa barafu hatuijui. Na kwa kuwa petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006, siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, mwambie fundi wa mashine akague viti vya valvu za kutolea moshi na aweke vigumu palipolika. Usikifungue kwa ajili hiyo pekee.

Kwa vifaa vya kisasa, kipimo changu ni kwamba kitakachoongezwa kiwe kinaweza kuondolewa siku yoyote bila kuacha tundu jipya. Mikanda ya usalama ndiyo ya kwanza, ikifungwa mahali penye chuma kizima. Ya pili ni saketi mbili za breki: Land Rover fupi nyingi za zama hizo zina saketi moja, maana yake bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hukosa breki, na silinda kuu yenye vyumba viwili huondoa hatari hiyo. Ya tatu ni taa za mbele; ukiweka rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, umeme wa taa utatoka moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi ya zamani, na balbu za halojeni zitaangaza barabara ya Gongoni usiku kwa namna usiyoitarajia. Kifaa cha elektroniki badala ya pointi nakiunga mkono, mradi pointi na kondensa za zamani zikae garini, kwa sababu pointi unaweza kuzisugua ukiwa njiani kwenda Marafa, na kifaa hicho kikifa hakifufuki. Springi za aina ya parabola, zenye vipande vichache visivyosuguana, hulainisha safari kwa kiasi kikubwa, na ukizipata ziweke baada ya hayo yote. Breki za diski sikushauri. Ngoma zilizorekebishwa vizuri zinatosha kwa mwendo wa gari hili.

Rangi ikifikiwa, alumini itahitaji praima, yaani rangi ya msingi, yake maalumu inayouma bati, kwa sababu praima ya kawaida hubanduka vipande vipande. Ipulizwe asubuhi umande ukishakauka na upepo haujapanda. Ikiwa fundi anatumia rangi inayochanganywa na kigumishi, mvuke wake una kemikali inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Lazima avae ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ukibadilisha rangi ya gari iwe tofauti na iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, utapaswa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ili kumbukumbu zirekebishwe. Ningependa urudishe rangi aliyoijua mzee.

La mwisho kwako, Mwalimu, ni kuhusu fedha. Usifungue sehemu mbili kwa wakati mmoja. Maliza chesisi, gari litembee. Maliza breki, gari litembee. Magari mengi ya zamani ninayoyaona yakiwa mifupa mitupu nyuma ya gereji yalivuliwa yote kwa siku moja, fedha zikaisha katikati, na vipande vikapotea. Theluthi moja ya fedha ulizotenga kwa kila sehemu iweke kando bila kuigusa, kwa maana chuma cha pwani kikifunguliwa hudai zaidi ya kilichoonekana.

Swali

Fundi, nina Land Rover ndefu ya 109 hapa Mambrui, nami huitumia mwisho wa wiki kwenda shamba. Inakunywa petroli mno. Rafiki yangu ananishauri nitoe injini yake niweke ya dizeli kutoka Toyota. Wasemaje?
Msomaji, Mambrui

Jibu

Ndugu yangu, injini hiyo ya petroli hutembea kilomita tano hadi saba kwa lita moja hata ikiwa na afya njema, kwa hiyo malalamiko yako yana msingi. Lakini piga hesabu ya safari za mwisho wa wiki peke yake, kisha uilinganishe na bei ya injini, vishikizo vipya, kiunganishi cha giaboksi, rejeta kubwa zaidi, bomba la moshi, na pengine mfumo wa umeme, kwa kuwa baadhi ya injini hizo hutumia volti 24 na gari lako ni la volti 12. Utakuta inakuchukua miaka mingi kuirudisha fedha hiyo kwa petroli unayookoa. Giaboksi na hafushafti, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, nazo zilitengenezwa kwa nguvu ya injini ya asili. Zaidi ya hayo, namba ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kuibadilisha bila kuiarifu NTSA kunaweza kukuletea matatizo barabarani na kwa bima siku ya ajali.

Kabla ya kufikia huko, rekebisha kabureta, muda wa plagi kuwasha na breki zinazokwama, na utie tairi upepo sawasawa. Ukishindwa kabisa ukaamua kubadilisha, usiiuze injini ya zamani. Ipake grisi, uifunike na uiweke mahali pakavu, kwa maana atakayelirithi gari hilo huenda akaitafuta.

Swali

Bwana Fundi, mimi ni mwanamke wa Amu, na Land Rover yangu ya Series huiacha Mokowe kwa kuwa kisiwani hatuna njia za magari. Kila mwaka mimi huwa Nairobi kuanzia Aprili hadi Julai kwa wanangu. Mwaka jana niliporudi betri ilikuwa imekufa, gia hazikuingia kabisa injini ikiwa inanguruma, na breki ya mkono ilikuwa imeganda. Nifanyeje safari hii?
Msomaji, Amu

Jibu

Bibie, gia na breki ya mkono ziliharibiwa na unyevu, na betri ilikufa kwa kukaa bila kuchajiwa; yote yanazuilika kwa kazi ya asubuhi moja. Gia zilikataa kwa sababu sahani ya klachi ilishikamana na flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, kwa kutu nyembamba. Kabla ya kuondoka, kandamiza kanyagio la klachi mpaka chini na ulizuie kwa kipande cha ubao kilichokazwa dhidi ya fremu ya kiti, ili vitu hivyo viwili visigusane muda wote usipokuwepo. Breki ya mkono ya gari lako haiko kwenye magurudumu. Ni ngoma moja iliyo nyuma ya giaboksi, na viatu vyake vikibanwa miezi mitatu ya masika hushikana na ngoma. Iachie kabisa, na badala yake weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu.

Betri itolewe na ikae ndani ya nyumba, ichajiwe kabla ya kuhifadhiwa na mara moja katikati. Tangi lijazwe petroli mpaka juu, kwa kuwa nafasi tupu ndani ya tangi la chuma huwa na hewa nyevu ambayo usiku hugeuka matone na kuanza kutu. Ukirudi, ongeza petroli mpya kabla ya safari ndefu. Badilisha oili ya injini kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi inayokula beringi injini ikiwa imesimama. Osha chini ya gari kwa maji baridi, likauke, ndipo ulifunike kwa turubai ya kitambaa inayopitisha hewa. Karatasi ya plastiki hufungia mvuke ndani na madhara yake ni makubwa kuliko kuliacha wazi kibandani.

Ikiwa yuko jamaa unayemwamini Mokowe, usimwambie aliwashe dakika tano kila wiki kama wengi wanavyofanya. Injini isiyopata moto hujaza maji kwenye bomba la moshi na ndani ya oili. Ni heri aondoe ule ubao, arudishe betri, na aliendeshe mara moja kwa mwezi kilomita ishirini hivi kwenye barabara ya Witu, au alikalie mbali kabisa mpaka urudi.

Swali

Shikamoo, Fundi. Mimi ni kijana wa Muyeye, namsaidia babu kufungua Land Rover yake. Spana zangu ni nzuri lakini zinateleza na kuharibu vichwa vya bolti. Pia tumeona bolti zisizoshika kutu zinauzwa mjini. Tuziweke zote mpya za aina hiyo?
Msomaji, Muyeye, Malindi

Jibu

Marahaba, kijana, na hongera kwa kumsaidia babu. Bolti nyingi za Series ni za vipimo vya inchi, na spana zako bila shaka ni za milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 12 haiingii na ya 13 inacheza, na huko kucheza ndiko kunakoviringa vichwa. Inchi 9 kwa 16 ni milimita 14.29, nayo haina ya kulingana nayo. Ni robo tatu ya inchi tu ambayo unaweza kuikamata kwa spana ya 19 bila madhara. Nunueni seti ndogo ya inchi, hata ya mitumba, mradi iwe na 7 kwa 16, nusu, na 9 kwa 16; hizo tatu zitafanya sehemu kubwa ya kazi. Bolti iliyoganda itiwe mafuta ya kupenya jioni na kuachwa usiku kucha, na ikikataa ipashwe moto mahali pasipo na petroli wala mipira, kisha ijaribiwe kukazwa kidogo kabla ya kulegezwa.

Hizo bolti zisizoshika kutu zina ubaya wake pwani. Zikifungwa kwenye alumini na kulowa maji ya chumvi, huila alumini inayozizunguka kwa kasi zaidi kuliko bolti ya chuma cha kawaida, nazo zenyewe zikabaki zinang'aa. Kwa bodi tumieni bolti zilizochovywa katika zinki, mkaweka washa za plastiki na grisi kidogo kila mahali chuma kinapogusa alumini. Kwa springi, usukani na breki, tumieni bolti za nguvu ile ile iliyowekwa na kiwanda. Alama ya nguvu huwa imepigwa juu ya kichwa, na bolti isiyo na alama isiingie kabisa katika sehemu hizo.